Anadolu Efes: kutoka mkiani mwa EuroLeague hadi mataji mawili mfululizo

Hatua ya ligi ya EuroLeague, mashindano makuu ya klabu za mpira wa kikapu Ulaya, ya msimu wa 2017–18 ilipomalizika, Anadolu Efes ya Istanbul ilikuwa ya 16 kati ya timu 16. Ilishinda mechi 7, ikafungwa 23. Tarehe 30 Mei 2021 klabu hiyo hiyo, chini ya kocha yule yule aliyeumalizia msimu ule mkiani, iliifunga Barcelona 86–81 mjini Köln na kutwaa ubingwa wa Ulaya kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata ikautetea.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha wachezaji wawili, Shane Larkin na Vasilije Micić. Si uongo. Lakini Ulaya imeona timu kadhaa zenye wachezeshaji (wapangaji wa mashambulizi) wawili wa daraja hilo zikiishia robo fainali. Tofauti ya Efes ilikuwa ofisini, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni mambo ambayo uongozi uliamua kutoyafanya: kutomfukuza kocha aliyeshika mkia, kutokiuza kikosi baada ya kupoteza fainali, kutokivunja baada ya msimu kufutwa. Kuelewa kwa nini waliweza kutulia hivyo, inabidi kwanza kujua hii ni klabu ya namna gani.

Klabu ya kampuni ya bia

Efes haina timu ya soka. Istanbul ni jiji la Fenerbahçe, Galatasaray na Beşiktaş, na timu za kikapu za klabu hizo huishi na hasira za mashabiki wa soka: ukifungwa mara tatu, jukwaa linaimba jina la rais. Efes ilizaliwa kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1976 kampuni ya bia ya Efes Pilsen, iliyo chini ya Anadolu Grubu, iliichukua Kadıköyspor, klabu ya upande wa Asia wa jiji iliyokuwa daraja la chini, ikaipa jina la bia yake. Ikapanda ligi kuu mwaka 1978, na katika msimu wake wa kwanza huko, 1978–79, ikawa bingwa. Msomaji wa Nairobi anayeijua Tusker FC ana picha tayari: timu yenye jina la chupa, inayolipwa na kiwanda, yenye mashabiki wachache kuliko majirani zake lakini mishahara isiyochelewa.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini ya kocha Aydın Örs, klabu hii ndiyo iliyoionyesha Uturuki kwamba Ulaya inafikika. Mwaka 1993 ilifika fainali ya Kombe la Ulaya mjini Torino na kufungwa na Aris ya Thessaloniki 50–48, matokeo ambayo leo yangetosha kuwa ya nusu ya kwanza. Miaka mitatu baadaye, 1996, ilitwaa Kombe la Korać dhidi ya Stefanel Milano katika fainali ya mechi mbili: 76–68 nyumbani, kisha ikafungwa 77–70 Milano. Jumla 146–145. Pointi moja ndiyo iliyoipa Uturuki kombe lake la kwanza la Ulaya katika mpira wa kikapu. Mchezeshaji alikuwa Petar Naumoski wa Macedonia, na kikosini alikuwamo kijana Mirsad Türkcan, ambaye baadaye alikuwa Mturuki wa kwanza kucheza NBA. Hidayet Türkoğlu alilelewa hapo hapo, Mehmet Okur akapitia hapo kabla ya kwenda Detroit na kuwa bingwa wa NBA 2004.

Mwaka 2000 timu ilimaliza ya tatu Ulaya katika fainali za timu nne mjini Thessaloniki. Kocha alikuwa kijana aitwaye Ergin Ataman. Jina hilo litarudi.

Kisha serikali ikaingia. Mwezi Januari 2011 mamlaka ya kudhibiti soko la tumbaku na pombe ilitoa kanuni iliyokataza chapa za pombe kudhamini michezo. Klabu iliyoitwa kwa jina la bia kwa miaka 35 haikuwa na pa kujificha. Kiangazi cha mwaka huo Efes Pilsen ikawa Anadolu Efes, yaani jina la kampuni badala ya jina la bidhaa. Efes yenyewe ni Efeso ya kale, ile ya waraka wa Waefeso, kwa hiyo neno lenyewe halikuwa mali ya chupa peke yake. Mwaka 2013 sheria namba 6487 ikafunga hata milango iliyobaki ya matangazo ya pombe.

Hapa ndipo wengi walitarajia mwenye mali aondoke. Kwa nini kiwanda kiendelee kulipa mishahara ya mamilioni ya yuro kwa timu ambayo haiwezi tena kutangaza bia yake? Rais wa klabu, Tuncay Özilhan, na familia zinazomiliki kundi la kampuni hawakuondoka. Tunavyoona sisi, kanuni ile ilifanya jambo ambalo waliotunga hawakulikusudia: iliigeuza klabu kutoka bajeti ya masoko, inayopimwa kila robo mwaka, kuwa suala la heshima ya familia. Heshima haina haraka kama masoko. Ila matunda yake hayakuonekana mara moja. Kwa miaka saba ya kwanza klabu ilifanya kinyume kabisa.

Vipindi saba vya makocha hadi 2017: ugonjwa wenyewe

Tazama mfuatano wa makocha tangu 2010: Velimir Perasović, Ufuk Sarıca, Ilias Zouros, Oktay Mahmuti, Vangelis Angelou, Dušan Ivković, kisha Perasović tena. Vipindi saba ndani ya miaka saba na kitu. Ivković ndiye pekee katika orodha hiyo aliyekaa misimu miwili kamili bila kutikiswa. Kila kocha alikuja na mfumo wake, akaomba wachezaji wa mfumo huo, akaondoka na kumwachia mrithi mikataba asiyoitaka. Huyu anataka namba tano, yaani mchezaji mrefu zaidi, wa kupigana chini ya kikapu, yule anataka wa kutoka nje na kurusha. Huyu anacheza na mchezeshaji mmoja, yule na wawili. Katika kikapu, ambapo kikosi kizima ni watu 12 hadi 15, makosa mawili ya mkataba ni sehemu ya sita ya timu. Ubingwa wa Uturuki wa 2009 ulibaki kuwa wa mwisho kwa miaka kumi.

Pigo la mwisho lilikuja kiangazi cha 2017. Msimu uliotangulia haukuwa mbaya: Efes ilifika robo fainali ya EuroLeague na kutolewa na Olympiacos kwa mechi 3–2. Kisha wakaondoka kwa pamoja watu kadhaa muhimu wa timu. Mchezeshaji Thomas Heurtel akaenda Barcelona. Cedi Osman, zao la akademia ya klabu, akaenda Cleveland. Furkan Korkmaz, naye wa akademia, Philadelphia. Tyler Honeycutt akahamia Khimki. Ukipoteza mchezeshaji wako wa kwanza na vijana wawili wa nyumbani katika dirisha moja, unapoteza mambo mawili tofauti: anayepanga mashambulizi, na wale wanaokupa nafasi ya kusajili wageni, kwa sababu ligi ya Uturuki inaweka kikomo cha wachezaji wa nje.

Waliokuja kujaza pengo walikuwa wafungaji, hawakuwa wapangaji. Errick McCollum na Ricky Ledo wote wawili ni watu wanaohitaji mpira mkononi ili wawe na maana, na wote wawili huanza kwa kutafuta kikapu chao wenyewe. Ukiwaweka pamoja uwanjani, mmoja anageuka mtazamaji. Wanaowazunguka wanasimama, na anayesimama ni rahisi kumkaba: mkabaji wake anaweza kumwacha na kusaidia kwingine. Timu ikawa inafunga kwa jitihada za mtu mmoja mmoja na kuruhusu pointi kwa pamoja.

Desemba 2017 Perasović akaondolewa, Ataman akarudi. Safari hii alikuwa mtu mzima wa kazi, si kijana wa Thessaloniki. Alikuwa ameshatwaa Kombe la Saporta na Siena mwaka 2002, mataji yote ya ndani pamoja na EuroChallenge na Beşiktaş mwaka 2012, na EuroCup na Galatasaray mwaka 2016. Alijulikana pia kwa mdomo. Ni kocha anayetangaza ubingwa kabla ya kuupata, na waandishi wa Istanbul hawakosi kichwa cha habari akifungua kinywa. Februari 2018 akatwaa Kombe la Uturuki. EuroLeague haikubadilika: aliendelea kufungwa hadi mwisho.

Katika ligi ya kawaida ya soka, timu ya mwisho inashuka daraja, mapato yanakatika, na kocha anafukuzwa na watu wenye hofu. EuroLeague haina hilo kwa kila mtu. Mwaka 2016 ilitoa leseni za muda mrefu kwa klabu 11, na Efes ilikuwa mojawapo. Ushike mkia, mwaka ujao upo. Wakosoaji wa mfumo huo husema unalea uvivu, na wana hoja. Lakini kwa kisa hiki ndio ulionunua muda: uongozi uliweza kusema kwamba ile miezi mitano ya kufungwa ilikuwa ya Ataman kuwajua wachezaji, na ujenzi uanze kiangazi.

Kiangazi cha 2018

Waliobakishwa wanaeleza zaidi kuliko waliosajiliwa. Bryant Dunston, namba tano mwenye misuli na akili, aliyekuwa ametajwa mara mbili kuwa mkabaji bora wa EuroLeague akiwa Olympiacos. Krunoslav Simon, Mkroatia mwenye miaka 33, asiye na kasi lakini asiyepoteza mpira. Doğuş Balbay, nahodha, mkabaji wa nyumbani. Watatu hawa hawakuwa wamecheza vizuri 2017–18, hakuna aliyecheza vizuri. Uongozi ulitambua kwamba kiwango cha mtu ndani ya timu iliyovunjika si kipimo chake.

Waliokuja: Larkin kutoka Boston Celtics, Micić kutoka Žalgiris, Rodrigue Beaubois kutoka Baskonia, Adrien Moerman kutoka Barcelona, James Anderson kutoka Khimki, Tibor Pleiß kutoka Valencia, na kwa upande wa Waturuki Sertaç Şanlı na Buğrahan Tuncer. Leo orodha hiyo inasomeka kama ya mabingwa. Wakati ule haikuwa hivyo. Micić alikuwa na miaka 24 na msimu mmoja tu mzuri, huko Kaunas. Kabla yake alikuwa amepita Bayern na Crvena zvezda bila kutulia, na hata hapo Uturuki alikuwa amecheza Tofaş ya Bursa. Larkin alikuwa mchezaji wa benchi Boston, mfupi wa takriban mita 1.80, ambaye Ulaya ilimkumbuka kwa mwaka wake mmoja Baskonia. Mwaka huo huo pale Baskonia alicheza na Beaubois, na hilo si dogo: wawili kati ya wanaoanzisha mashambulizi walikuwa wanajuana tayari.

Ukiwapanga, unaona kanuni ya usajili. Wachezaji watatu wanaoweza kupanga mashambulizi (Larkin, Micić, Simon). Namba nne, yaani mrefu wa pili, anayerusha kutoka mbali (Moerman). Namba tano wa aina mbili tofauti kabisa. Na pembeni watu wanaokaba na kurusha bila kuhitaji kudunda mpira. Hakuna hata mmoja aliyesajiliwa kwa sababu tu alifunga pointi nyingi alikotoka.

Mashambulizi yalivyokuwa yakienda

Mchezo wa Efes ulijengwa juu ya skrini moja ya juu. Mchezaji mrefu anapanda hadi nje ya mstari wa pointi tatu, ambao Ulaya uko mita 6.75 kutoka kikapu, anasimama kama ukuta mbele ya anayemkaba Larkin, na Larkin anapita bega kwa bega naye. Kila timu duniani inacheza hivyo. Ugumu ulikuwa katika majibu, kwa sababu ulinzi una njia tatu tu za kawaida, na Efes ilikuwa na adhabu kwa kila moja.

Njia ya kwanza: namba tano wa wapinzani anabaki nyuma karibu na kikapu, anasubiri. Larkin anasimama pale pale nyuma ya skrini na kurusha. Kwa mchezaji wa kawaida, pointi tatu ya kurusha akitoka kwenye mwendo ni mtupo mbaya, na ulinzi unafurahi kumpa. Kwa Larkin ulikuwa mtupo mzuri. Tarehe 29 Novemba 2019, dhidi ya Bayern München, alifunga pointi 49, zikiwamo pointi tatu 10, rekodi ya EuroLeague iliyodumu hadi Nigel Hayes-Davis wa Fenerbahçe alipofunga 50 mwaka 2024.

Njia ya pili: wakabaji wawili wanamrukia mwenye mpira. Hapo pasi fupi inakwenda kwa Dunston katikati, kwenye mstari wa mitupo huru, na Efes ina watu wanne dhidi ya watatu. Dunston hakuwa mfungaji mkubwa lakini alijua kugeuka na kuona kona ipi iko wazi.

Njia ya tatu, iliyopendwa zaidi na timu zenye warefu wepesi: kubadilishana. Namba tano anamchukua Larkin, mfupi anamchukua Dunston. Larkin anarudi nyuma hatua mbili, anamtazama jitu la zaidi ya mita mbili likiwa peke yake mbele yake, kisha anampita au anarusha. Wakabaji walijua kitakachokuja na bado hawakuwa na miguu ya kukizuia.

Hadi hapo ni Larkin tu. Sasa ongeza Micić upande wa pili. Skrini ya kwanza ikizimwa, mpira unahamishiwa kwake sekunde zikiwa bado zinatosha katika zile 24 ambazo timu hupewa kushambulia, na skrini ya pili inaanza dhidi ya ulinzi uliokwisha sogea upande mmoja. Micić, mwenye mita 1.96, ni wa aina nyingine: hana haraka, anamweka mkabaji mgongoni, anaona juu ya vichwa. Ulinzi uliojiandaa kwa mwendo wa mfupi ghafla unakutana na mwendo wa mrefu. Na kocha akimtoa Dunston akamwingiza Pleiß au Şanlı, namba tano haendi tena kikapuni baada ya skrini. Anatoka nje na kusubiri pasi ya pointi tatu. Maelekezo yote ambayo senta wa wapinzani alipewa kwa dakika kumi yanakuwa hayana kazi.

Sharti la yote haya ni nafasi. Ikiwa Moerman hawezi kurusha, mkabaji wake anamwacha na kuziba njia ya Larkin, na mashine inasimama. Ndiyo maana siku ambazo mitupo ya mbali haikuingia, Efes ilionekana timu ya kawaida, tena dhaifu: mtupo mrefu uliokosa hurudi mbali, na wachezaji watatu walioko juu wanachelewa kushuka kuzuia mbio za wapinzani. Upande wa kukaba, kila timu ilimtafuta Larkin na kumlazimisha akabane na mtu mkubwa. Mwaka 2019 klabu ilimleta Chris Singleton kutoka Barcelona kwa kazi hiyo hasa, namba nne anayeweza kumkaba yeyote kwa sekunde nane. Usajili wa kimya, na kwetu ndio uliokamilisha timu.

Fainali iliyopotea, msimu uliofutwa

Matokeo yalikuja haraka kuliko mpango. Msimu wa 2018–19 Efes ilimaliza ya nne, ikashinda 20 na kufungwa 10, ikaitoa Barcelona 3–2, na kwenda fainali za timu nne Vitoria-Gasteiz. Nusu fainali ilikuwa dhidi ya Fenerbahçe ya Željko Obradović, bingwa wa Ulaya wa 2017, iliyokuwa na majeruhi. Larkin akafunga 30, Efes ikashinda 92–73. Siku mbili baadaye CSKA Moscow ikawafunga 91–83. Larkin alipata 29 lakini Will Clyburn wa CSKA ndiye aliyeondoka na tuzo ya Mchezaji Bora wa fainali hizo. Mwezi uliofuata Efes ikaifunga Fenerbahçe tena, 4–3 katika fainali ya ligi ya Uturuki, na ukame wa miaka kumi ukaisha.

Hapa ndipo klabu nyingi hukosea. Umefika fainali, umepungukiwa pointi nane, na kila mtu anaona kasoro moja anayotaka kuirekebisha kwa pesa. Efes iliongeza kidogo na kuiacha timu jinsi ilivyo. Msimu wa 2019–20 ligi ilikuwa imepanuliwa hadi timu 18 na mechi 34; baada ya mechi 28 Efes ilikuwa imeshinda 24. Machi 2020 janga la Uviko-19 likasimamisha kila kitu, na tarehe 25 Mei EuroLeague ikafutwa bila bingwa. Ndiyo iliyokuwa timu bora zaidi ya Efes, kwa maoni ya wengi waliofuatilia misimu yote, na haina kombe la kuonyesha.

Hatari ya wakati ule ilikuwa ya mikataba. Viwanja vimefungwa, hakuna mapato ya tiketi, na wachezaji wamefikia kilele cha thamani yao sokoni. Klabu yenye kutegemea mlango wa uwanja ingeuza. Efes haikuwa ikiishi kwa tiketi hata kabla ya janga. Sinan Erdem, uwanja wa watu wapatao 16,000, haukuwa ukijaa kila wiki. Udhaifu wa kutokuwa na mashabiki wengi ukawa kinga. Larkin akaongezewa mkataba, na mwaka huo huo wa 2020 alipata uraia wa Uturuki, jambo lililopunguza shinikizo la hesabu ya wageni katika ligi ya ndani na kumfungulia timu ya taifa. Micić akabaki. Karibu kikosi kizima kikarudi.

Mataji

Kurudi hakukuwa rahisi. Larkin alianza 2020–21 akiwa na majeraha na hadi katikati ya msimu timu ilikuwa inashinda na kufungwa kwa zamu. Micić akaichukua. Nusu ya pili ya msimu walicheza kama mwaka uliofutwa, wakamaliza wa tatu kwa ushindi 22 na vipigo 12, na Micić akachaguliwa Mchezaji Bora wa msimu wa EuroLeague.

Robo fainali dhidi ya Real Madrid inafaa kuangaliwa na makocha wote. Efes ilishinda mbili za kwanza nyumbani, ikafungwa mbili Madrid, ikashinda ya tano Istanbul. Timu isiyokuwa na msimu mwingine nyuma yake mara nyingi huvunjika kwenye 2–2 kama ile. Katika nusu fainali mjini Köln, mbele ya viti vitupu, waliongoza CSKA kwa mbali, wakairuhusu irudi, wakashinda 89–86. Fainali dhidi ya Barcelona ya Šarūnas Jasikevičius, Micić alipata 25 na Larkin 21. Pointi 46 kati ya 86 kutoka kwa watu wawili, lakini kumbuka zilizobaki 40 zilitoka kwa watu waliokuwa wamefundishwa kusimama mahali sahihi kwa miaka mitatu.

Utetezi wa 2022 ulikuwa tofauti, na kiufundi unavutia zaidi. Şanlı alikuwa amekwenda Barcelona; walikuja Elijah Bryant na Filip Petrušev. Mwanzo ulikuwa mbaya. Baada ya matokeo ya timu tatu za Urusi kufutwa kutokana na vita vya Ukraine, Efes ilimaliza ya sita, bila faida ya uwanja wa nyumbani. Ikaitoa Milano 3–1. Belgrade, nusu fainali na Olympiacos ilikwisha 77–74 kwa pointi tatu ya Micić mpira ukiwa hewani muda unaisha. Fainali, Real Madrid: 58–57. Timu iliyosifiwa kwa miaka minne kama mashine ya kufunga ilitwaa ubingwa kwa pointi 58. Micić 23, Pleiß 19, wengine wote kwa pamoja 16. Usiku ule Larkin alibanwa, mitupo haikuingia, na walioshinda mechi ni wakabaji, Dunston na wenzake, walioiweka Madrid chini ya 60. Kabla ya Efes, klabu ya mwisho kutetea taji hilo ilikuwa Olympiacos, 2012 na 2013.

Ilivyofumuka

Umri uliandikwa tangu siku ya kwanza. Simon alizaliwa 1985, Dunston 1986, Moerman na Beaubois 1988. Wakati huo hatua ya ligi ya EuroLeague ilikuwa na mechi 34, ligi ya Uturuki yenye timu 16 ilikuwa na 30, na juu yake kombe na hatua za mchujo. Mwili wa miaka 35 hauvumilii hesabu hiyo kwa mwaka wa tano. Kosa la Efes, na ni kosa kweli, ni kwamba katika miaka yote minne ya mafanikio hakuna kijana wa akademia aliyepewa dakika za kutosha kuja kuchukua nafasi hizo. Kuacha timu jinsi ilivyo kuna gharama yake, na inalipwa kwa mkupuo.

Simon na Moerman wakaondoka 2022. Akaja Clyburn, yule yule aliyewanyima taji la 2019, mfungaji mkubwa anayetaka mpira mkononi. Msimu wa 2022–23 Efes, bingwa mtetezi mara mbili, haikufika hata robo fainali ya EuroLeague, ingawa ilitwaa ubingwa wa Uturuki, wa 16 katika historia yake. Kiangazi cha 2023 Micić akaenda Oklahoma City Thunder, waliokuwa wakimiliki haki zake za NBA tangu Desemba 2020. Dunston akaenda Virtus Bologna. Na Ataman akahamia Panathinaikos ya Athens, ambako mwaka wake wa kwanza tu alitwaa EuroLeague ya 2024.

Efes ilimbakisha Larkin na kurudia desturi yake ya zamani. Erdem Can alianza msimu wa 2023–24 na hakuumaliza. Tomislav Mijatović akachukua, naye akaondolewa msimu uliofuata, akaja Luca Banchi. Banchi aliifikisha timu robo fainali ya 2025, ambapo ilicheza mechi tano na kutolewa 3–2. Wapinzani walikuwa Panathinaikos, na kwenye benchi lao alikuwa Ataman.